Suluhu ya Kukana: Fidia, Ukiri na Ubaguzi Kazini katika Sheria ya Marekani

Miongoni mwa maswali ambayo sheria ya kazi ya Marekani huyazua bila kuyajibu, lipo moja ambalo kwa asili yake linawahusu mafakihi na wanafalsafa zaidi kuliko mawakili, nalo ni hili: mtu aliyebaguliwa kazini kwa ajili ya dini, rangi, jinsia au asili yake anapolipwa fedha na mwajiri ambaye, katika waraka uleule wa malipo, anaandika kwamba hakutenda kosa lolote, je, haki imetendeka au ni kesi tu iliyokwisha? Mawakili hulipita swali hili upesi, kwa kuwa kazi yao ni kumaliza migogoro na mgogoro uliokwisha hauwadai tena chochote. Lakini fiqhi ya Kiislamu, ambayo iliichambua suluhu kama mkataba wenye sura zake na masharti yake karne nyingi kabla ya taifa la Marekani kuwapo, haikulipita, na hoja zilizojengwa humo zinaonyesha jambo ambalo mjadala wa Wamarekani wenyewe mara nyingi haulioni.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Haki za Raia iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson tarehe 2 Julai 1964, na hasa sura yake ya saba, inayomkataza mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi kumnyima mtu kazi, kumfukuza au kumtofautisha na wenzake katika ujira na masharti ya kazi kwa sababu ya mbari, rangi, dini, jinsia au asili ya taifa lake. Ni sheria ya shirikisho, maana yake ni kwamba imetungwa na Bunge la taifa zima na inayafunga majimbo yote 50, mbali na sheria ambazo kila jimbo hujitungia lenyewe. Usimamizi wake ulikabidhiwa Tume ya Fursa Sawa za Ajira, iliyoanza kazi mwaka 1965 bila uwezo wa kumshitaki mwajiri yeyote; uwezo huo iliupata mwaka 1972, na katika marekebisho ya mwaka huohuo Bunge lilieleza kwamba dini haihusu itikadi ya moyoni peke yake bali pia ibada na matendo, na kwamba mwajiri anapaswa kumfanyia nafasi mwenye dini isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kutaitia biashara yake katika ugumu uliopita kiasi. Anayelalamika hawezi kukimbilia mahakamani moja kwa moja. Sharti kwanza apeleke malalamiko yake kwa Tume ndani ya siku 180, au 300 katika maeneo yenye chombo chake cha kushughulikia ubaguzi, na Tume ikiona kwamba kuna sababu ya kuamini kuwa ubaguzi ulitokea, inalazimika kujaribu kuwapatanisha wahusika kwa mazungumzo ya faragha, ambayo yaliyosemwa humo hayaruhusiwi kutangazwa wala kutumiwa kama ushahidi baadaye bila idhini yao ya maandishi.

Kwa hiyo suluhu si jambo la pembeni linalofanywa baada ya sheria kushindwa. Ni jambo ambalo sheria yenyewe imeliamuru litangulie, na hata kesi ikishafunguliwa, majaji, kampuni za bima na mawakili wa pande zote mbili huwa na sababu za kutaka iishie hapo. Waraka wa mapatano una desturi yake: unataja kiasi cha fedha, unamtaka mlalamikaji aachilie madai yake yote yatokanayo na kazi ile, mara nyingi unamfunga asisimulie masharti ya malipo, na karibu daima una kifungu kinachosema kwamba malipo hayo si kukiri kosa. Kifungu hicho kina sababu yake ya kivitendo, kwa kuwa mwajiri aliyekiri mbele ya mfanyakazi mmoja anahofia kuwa amekiri mbele ya wote, na kanuni za ushahidi za mahakama za shirikisho zinamuunga mkono kwa kukataza pendekezo la mapatano kutumiwa kuthibitisha hatia. Lakini sababu ya kivitendo haijibu swali la kimaadili, bali inaeleza tu kwa nini swali hilo halijibiwi.

Mafakihi waliigawa suluhu katika sura tatu kwa kuutazama msimamo wa mdaiwa. Ipo suluhu ya kukiri, ambapo mdaiwa anakubali kwamba haki inayodaiwa iko juu yake, kisha yeye na mdai wanapatana juu ya namna ya kuilipa, kuipunguza au kuibadili kwa kitu kingine. Ipo suluhu ya kukana, ambapo anaikataa haki hiyo lakini anatoa kitu ili madai yaishe. Na ipo suluhu ya kunyamaza, ambapo hakubali wala hakatai. Ya kwanza wanazuoni wa madhehebu zote wameikubali, ila juu ya ya pili walitengana vikali. Imamu Shafi, aliyefariki mwaka 820 na ambaye madhehebu yake ndiyo inayofuatwa na Waislamu walio wengi kuanzia Somalia hadi Komoro, aliibatilisha suluhu ya kukana kwa hoja ambayo ni fupi lakini si rahisi kuipangua: ikiwa mdai ni mkweli, basi anazuiliwa haki yake mpaka akubali kuchukua kipande chake tu, ikiwa ni mwongo, basi anakula mali ya mwenzake kwa batili, na kwa kuwa hakuna ukiri unaoonyesha lipi kati ya hayo mawili ndilo kweli, fedha zinazotoka upande mmoja hazina kitu chochote upande wa pili ambacho zinabadilishana nacho. Hoja hiyo iliegemea kanuni iliyokubaliwa na wote, kwamba suluhu inajuzu isipokuwa ile inayohalalisha kilicho haramu au kuharamisha kilicho halali, na Mashafi waliona kwamba suluhu ya kukana inafanya hivyo bila ya kuepukika, kwa upande mmoja au kwa mwingine.

Mahanafi, Mamaliki na Mahanbali waliijuzisha. Kwao mdaiwa anayekana hatoi bei ya haki, bali anatoa bei ya kujiepusha na kiapo, na usumbufu, na uadui wa muda mrefu, ilhali mdai kwa upande wake anaamini kuwa anapokea sehemu ya kilicho chake. Mkataba mmoja unaweza kuwa na maana mbili kwa watu wawili bila kuharibika. Mahanafi waliongeza kwamba hapo hasa ndipo suluhu inapohitajika, kwa kuwa watu waliokwisha kukubaliana juu ya haki hawana ugomvi mkubwa wa kusuluhishwa. Hata hivyo, waliojuzisha hawakuacha mlango wazi kabisa, na sharti waliloliweka Mahanbali linastahili kuzingatiwa kuliko yote: anayejua nafsini mwake kwamba ni mwongo, awe ni mdai au mdaiwa, kwake yeye suluhu hiyo ni sahihi kwa dhahiri na batili kwa batini, na anachokichukua au anachokizuia kwa njia hiyo kinabaki kuwa haramu juu yake, ingawa hakimu hana njia ya kumfikia. (Marabi wa Kiyahudi nao, katika sehemu ya Talmudi iitwayo Sanhedrin, walibishana kama ni dhambi au ni wajibu kwa hakimu kuwapatanisha wanaogombana badala ya kuiacha sheria ikate, na walioitetea hukumu walimtaja Musa wakati walioitetea amani walimtaja ndugu yake Haruni, lakini ubishi wao ulihusu kazi ya hakimu, si ndimi za wanaopatana, na kwa hiyo hauligusi swali hili kwa ukaribu uleule.)

Mgawanyo huo wa mafakihi haukuja katika viwanda vya nyama vya Marekani kwa bahati ya mwandishi kupenda kulinganisha. Ulikuwa umekwisha kufika huko pamoja na wafanyakazi. Tangu miaka ya 2000 Wasomali wengi waliokimbia vita, na ambao baadhi yao waliishi miaka mingi katika kambi za Kenya kama Dadaab, waliajiriwa katika miji midogo ya Colorado na Nebraska yenye machinjio makubwa ya ng'ombe, na Wasomali kwa wingi wao ni Mashafi. Hilo lina uzito katika jambo lililozusha mgogoro, ambalo ni sala ya magharibi. Katika ile inayoitwa kauli mpya ya Imamu Shafi, wakati wa sala hiyo ni mwembamba kiasi cha kutosha kutawadha, kujisitiri, kuadhini na kusali rakaa tano tu, na ingawa Imamu Nawawi na wengine baada yake waliipa nguvu kauli ya kale inayourefusha hadi wekundu wa mbingu uondoke, bado hakuna sala ya faradhi ambayo muumini wa madhehebu hiyo anaikimbilia kwa haraka kama hiyo. Jua la Septemba katika Colorado hutua mapema zaidi kila siku kwa dakika moja na nusu hivi, wakati mstari wa kukatia nyama, ambapo kila mtu amesimama mahali pake na kipande kinachompita hakimngoji, umepangiwa mapumziko kwa saa ya ukutani. Na Ramadhani ya mwaka 2008 iliangukia Septemba, zamu ya usiku ikiwa kazini wakati wa kufuturu.

Katika kiwanda cha Greeley, Colorado, kilichomilikiwa na kampuni ya JBS yenye asili ya Brazili, wafanyakazi Waislamu waliomba mapumziko ya jioni yasogezwe, hawakukubaliwa, wakatoka nje, na zaidi ya 100 kati yao wakafukuzwa kazi. Katika kiwanda kingine cha kampuni hiyohiyo huko Grand Island, Nebraska, mambo yalikwenda kwa njia iliyopinda zaidi, kwa sababu uongozi ulikubali kwanza kuyasogeza mapumziko, ndipo wafanyakazi wasio Waislamu wakaandamana wakilalamika kwamba wenzao wanapendelewa, uongozi ukarudi nyuma, na makumi ya Waislamu waliokataa kurudi nyuma pamoja nao wakapoteza kazi. Tume iliishitaki kampuni mwaka 2010 katika majimbo yote mawili. Kuhusu Greeley, madai yake yalikuwa mazito kuliko ya ratiba peke yake: kwamba Waislamu walibughudhiwa walipojaribu kusali hata katika mapumziko yao halali, na kwamba katika Ramadhani hiyo mabomba ya maji ya kunywa yalifungwa, hivyo waliokuwa wamefunga wakakosa maji ya kufuturia na ya kutawadhia. Kesi ya Greeley iliishia kwa mapatano mwaka 2021, miaka 13 baada ya tukio, kwa kiasi cha dola milioni 5.5 kwa ajili ya watu wapatao 300, ambao ukiwagawia sawasawa kila mmoja angepata kama dola 18,000. Ile ya Nebraska ilifika kwenye hukumu mnamo Oktoba 2013, na wafanyakazi wakashindwa: jaji aliona kwamba kuwaruhusu kusali nje ya mapumziko yaliyopangwa kungekitia kiwanda katika ugumu uliopita kiasi, kwa kipimo kilichokuwa kikitumiwa wakati huo.

Tukio la tatu ni la Fort Morgan, pia Colorado, ambapo mwezi Desemba 2015 kampuni ya Cargill iliwafukuza Wasomali wapatao 150 walioacha kwenda kazini kwa kile walichoamini kuwa ni kuzuiwa kusali. Kampuni ilisema kwamba ilikuwa na chumba cha sala kwa miaka mingi na kwamba pametokea kutoelewana. Tume ilichunguza ikaona kwamba kulikuwa na sababu ya kuamini kuwa palitendeka ubaguzi. Na mwaka 2018, bila ya Tume kufungua kesi, yalifikiwa mapatano ya dola milioni 1.5 kwa watu 138, kampuni ikieleza kwamba haikubaliani na matokeo ya uchunguzi lakini imeona afadhali kumaliza jambo na kuepuka gharama zaidi. Maneno hayo ya mwisho mwanafunzi yeyote wa fiqhi angeyatambua mara moja, kwa kuwa ni hoja ya Kihanafi neno kwa neno, imetamkwa na kampuni ya nyama ya Marekani mbele ya wadai ambao madhehebu yao inaibatilisha.

Je, wadai hao walipaswa kuzikataa fedha? Swali hilo likiulizwa kwa ukali huo linamtwisha mwenye njaa mzigo wa kulinda usafi wa kanuni, na Mashafi wenyewe hawakufika huko, kwa kuwa lawama ya hoja yao inamwangukia anayekana akijua, si anayepokea sehemu ya haki yake baada ya kuzuiliwa nyingine. Lakini hoja inabaki na makali yake juu ya kile ambacho fedha hizo zimekilipia. Mwanasheria Owen Fiss wa Chuo Kikuu cha Yale aliandika mwaka 1984 makala mashuhuri ya kuipinga suluhu, akisema kwamba ridhaa ya mnyonge katika mapatano mara nyingi ni ridhaa ya kulazimishwa na umaskini, na kwamba kazi ya mahakama si kuwatuliza wagombanao bali ni kuzipa maana tunu ambazo taifa limeziandika katika sheria zake. Alichokieleza Fiss ni hasara ya umma, yaani hukumu isiyoandikwa. Mafakihi walikuwa wameeleza hasara nyingine, iliyo karibu zaidi na mtu mwenyewe, yaani haki isiyotajwa. Na Nebraska inaonyesha ni kwa nini haifai kuisifu hukumu kana kwamba haina gharama: wale waliosubiri mahakama iseme walisubiri miaka mitano, ikasema, na ikasema dhidi yao.

Hapa panahitajika kutenganisha mambo mawili ambayo kifungu cha kutokiri kosa huyachanganya. Mwajiri anapoandika kwamba hakutenda kosa, kwa kawaida anachokikataa ni nia: kwamba hakuwachukia Waislamu, hakukusudia kumdhalilisha mtu, hakuamrisha ubaguzi. Huenda ni kweli. Katika kampuni yenye maelfu ya watu, nia ni kitu kigumu kukishika, na sheria ya Marekani yenyewe iliacha zamani kuitegemea peke yake, kwani katika shauri la Griggs dhidi ya kampuni ya umeme ya Duke Power la mwaka 1971 Mahakama ya Juu, kwa kauli moja, ilikataza sharti la kazi lisilo na uhusiano na kazi yenyewe ambalo linawafungia mlango watu weusi, hata kama aliyeliweka hakuwa na nia mbaya. Sharti lililokuwa likibishaniwa lilikuwa cheti cha sekondari na mitihani, katika jimbo la North Carolina ambako watoto weusi walikuwa wamesomeshwa kwa vizazi katika shule duni zilizotengwa. Mpaka hapo sheria imekwisha kukubali kwamba mtu anaweza kudhulumiwa bila ya kuwapo anayemchukia.

Sasa, kukiri kunakozungumziwa na mafakihi katika suluhu hakukuwa kukiri nia kamwe. Mdaiwa anayekiri haambiwi atubu hadharani wala ajieleze kwa nini alichelewesha deni. Anachotakiwa kukikubali ni kwamba haki ipo, na kwamba ni ya yule, na kwamba iko juu yake. Nia ni baina yake na Mola wake. Kwa kipimo hicho, mwajiri wa Fort Morgan au wa Greeley angeweza kuandika kwamba wafanyakazi wake walikuwa na haki ya kufanyiwa nafasi ya kusali na kwamba haki hiyo haikutimizwa ipasavyo, bila ya kuungama chuki ambayo pengine hakuwa nayo. Kwamba mfumo wa mapatano wa Marekani hauna sentensi ya namna hiyo, bali una mbili tu za kuchagua, hatia kamili au kukana kikamilifu, huenda ndiyo kasoro yake kubwa zaidi, na kasoro hiyo haitokani na uchoyo wa kampuni peke yake. Inatokana na sheria iliyolifanya neno moja la kukubali liwe silaha mkononi mwa kila mdai atakayefuata.

Immanuel Kant, katika kitabu chake cha 1785 kuhusu misingi ya maadili, alitofautisha vitu vyenye bei, ambavyo vinaweza kubadilishwa na vingine vinavyolingana navyo, na utu, ambao hauna kinacholingana nao. Wengi hulitumia wazo hilo kuilaumu suluhu kwamba inaupa utu bei, lakini lawama hiyo imekosea mlango, kwa sababu hukumu nayo hufanya hivyohivyo, tena kwa jedwali. Sheria ya mwaka 1991 iliyowaruhusu waliobaguliwa kwa makusudi kulipwa fidia ya maumivu ya nafsi na fidia ya kuadhibu iliviwekea viwango hivyo kikomo kulingana na idadi ya wafanyakazi wa mwajiri: dola 50,000 kwa mwajiri mdogo, na kupanda hadi 300,000 kwa mwenye wafanyakazi zaidi ya 500, kiasi kwamba juri, yaani jopo la raia wanaosikiliza kesi, linaweza kumpa mtu mamilioni na jaji akalazimika kuyapunguza hadi kwenye kikomo. Ubaguzi wa mbari unaweza kushitakiwa pia kwa sheria ya mwaka 1866 isiyo na kikomo, lakini wa dini hauwezi, hivyo Msomali mmoja aliyetukanwa siku moja kwa weusi wake na kwa Uislamu wake ana maumivu mawili yenye viwango viwili. Mamlaka ya kodi nayo ina falsafa yake: fidia ya jeraha la mwili haitozwi kodi, lakini ya aliyedhalilishwa bila kuguswa mwilini hutozwa.

Kile ambacho bei haiwezi kukifanya ni kusema. Fedha zinaweza kurudisha mshahara uliopotea, na hilo Aristotle angeliita kurekebisha kilichopinda baina ya wawili, kwa kumpunguzia aliyezidishiwa na kumwongezea aliyepunjwa. Lakini anayebaguliwa hakupunjwa mshahara peke yake, aliambiwa pia, kwa kitendo, kwamba yeye si wa kuhesabiwa, na usemi hujibiwa kwa usemi. Ndiyo maana kifungu cha kukana kinauma kuliko udogo wa kiasi. Shauri la msichana Mwislamu wa Tulsa, Oklahoma, aliyenyimwa kazi mwaka 2008 katika duka la nguo la Abercrombie & Fitch kwa sababu ya mtandio wake, linaonyesha hali iliyo kinyume: Mahakama ya Juu iliamua tarehe 1 Juni 2015, kwa kura nane dhidi ya moja, kwamba mwajiri hawezi kuifanya ibada ya mwombaji kuwa sababu ya kumkataa hata kama hakuambiwa rasmi kuwa mtandio huo ni wa dini, na baada ya hapo jambo likamalizwa kwa fidia isiyozidi sana dola 25,000. Kiasi hicho ni kidogo kwa kampuni ya ukubwa ule. Lakini kililipwa baada ya haki kutajwa, na kwa hiyo, ingawa waraka wake ni wa mapatano kama nyaraka nyingine, katika uhalisi wake unakaribia suluhu ya kukiri.

Tena si mapatano yote yanayokana kwa namna ileile. Yale ya faragha, yaliyofungwa kwa sharti la kunyamaza, huacha kiwanda kama kilivyokuwa na kumwondoa tu aliyelalamika. Sheria mbili za mwaka 2022 zilianza kupunguza nguvu za baadhi ya masharti ya siri na ya kumzuia mtu kwenda mahakamani, ila kwa unyanyasaji na shambulio la kingono tu, na ubaguzi wa dini na mbari ukaachwa ulipo. Yako mengine yanayoitwa amri za maridhiano, ambapo masharti yaliyokubaliwa huwekwa mbele ya jaji, akayatia saini, yakawa amri ya mahakama iliyo wazi kwa yeyote kuisoma na yenye kusimamiwa kwa muda maalumu. Mapatano ya Greeley ya mwaka 2021 yalikuwa ya namna hii, na zaidi ya fedha yaliitaka kampuni iwe na mahali safi, patulivu na panapofaa kwa ibada, pasipo kuwa vyoo.

Maneno hayo ya mwisho yanahitaji kusomwa polepole. Hakuna anayeandika katika amri ya mahakama kwamba watu wasisalie chooni isipokuwa pale ambapo jambo hilo limekuwa hoja, na kwa Mwislamu, ambaye hata dua hunyamazishwa aingiapo humo, hakuna haja ya kueleza zaidi. Mwajiri anaweza kukana katika ukurasa mmoja kwamba alikosea, lakini katika ukurasa unaofuata amejifunga kutenda kile ambacho asingekuwa na sababu ya kujifunga nacho kama haki hiyo isingekuwapo. Mafakihi walijua kwamba kukiri kunaweza kupatikana ndani ya kitendo, na baadhi yao walihesabu hata ombi la mdaiwa la kutaka apewe muda wa kulipa kuwa ni kukiri deni. Kwa mtazamo huo, amri ya maridhiano inayobadili ratiba, inayofungua chumba na kuwafundisha wasimamizi ni aina ya ukiri wa vitendo ambao kifungu cha kukana hakiwezi kuufuta, hali hundi iliyotumwa nyumbani pamoja na sharti la kunyamaza inabaki kuwa kile alichokibatilisha Imamu Shafi: fedha zisizobadilishana na kitu.

Iko tofauti moja zaidi baina ya hukumu na mapatano, ambayo ilijitokeza baadaye. Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu, kwa kauli moja, iliamua shauri la mpeleka barua wa Pennsylvania, Mkristo wa kiinjili aliyekataa kufanya kazi siku ya Jumapili, na ikasema kwamba mahakama za chini zilikosea kwa takriban miaka 46 zilipolisoma shauri la shirika la ndege la TWA la mwaka 1977 kana kwamba gharama yoyote iliyozidi kidogo sana inamtosha mwajiri kukataa kumfanyia nafasi mwenye dini. Anachopaswa kukithibitisha ni mzigo mkubwa kwa kuitazama biashara yake yote, na chuki ya wafanyakazi wenzake dhidi ya dini fulani, au dhidi ya wazo lenyewe la kuwapa nafasi wenye dini, haihesabiwi kuwa mzigo. Anayesoma maneno hayo hawezi kutokumbuka maandamano ya Grand Island. Hukumu ya Nebraska haiwezi kufunguliwa tena kwa ajili ya waliofukuzwa mwaka 2008, lakini imeandikwa, ina sababu zake, na mwanasheria anaweza leo kuonyesha ni kipimo gani kilichotumika humo na ni wapi Mahakama ya Juu imekiondoa. Mapatano ya Fort Morgan yaliwalipa watu wake, jambo ambalo hukumu ya Nebraska haikulifanya. Ila hayakudai chochote kuhusu haki yao, na kwa hiyo hakuna chochote ndani yake ambacho uamuzi wa mwaka 2023 ungeweza kukithibitisha au kukisahihisha.